Mafua ya Kiangazi na Kioo cha Teksi-basi

Kila mwaka, mvua zikishakatika, mji wetu wa Kolwezi huingiwa na mambo mawili kwa pamoja: baridi na vumbi. Tuko juu, zaidi ya meta 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kila mtu anatafuta blanketi la pili. Njia za mtaani zilizokuwa matope mwezi wa Machi zinakuwa unga mwekundu, na malori ya madini yanayoshika barabara ya taifa namba 39 kwenda Likasi na mpaka wa Kasumbalesa yanaurusha mpaka juu ya mabati. Ndipo kikohozi kinapoanza kusikika, Manika na Dilala, Musonoi na Luilu, na ndipo mashauri ya kila mwaka yanaporudi: mvike mtoto sweta, funga dirisha, chemsha ndimu na tangawizi, nunua vidonge vinne vya ampisilini pale kona. Mashauri hayo yote yanampa kazi anayeogopa kuugua. Aliyekwisha kuugua haambiwi chochote, isipokuwa pole. Hoja yangu leo ni kwamba tumeanzia upande usiofaa: mwenye uwezo mkubwa wa kukata njia ya mafua ni yule anayepiga chafya sasa hivi, na sisi wengine kazi yetu ya kwanza ni kumwezesha kuikata.

Tutazame chanzo, maana anayekosea chanzo hukosea na kinga. Mafua ya kawaida, pamoja na gripi, ile homa ya mafua inayomlaza mtu na kumvunja viungo, yote huletwa na virusi. Kirusi cha gripi ya binadamu kilipatikana London mwaka 1933. Rinovairasi, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua madogo, vilijulikana miaka ya 1950, na aina zake zilizokwisha kutambuliwa zinapita 150. Ndiyo sababu mtu anapona mwezi huu na mwezi ujao anaanza upya. Virusi hivyo havingoji ndani ya upepo wa Juni. Makao yake ni pua na koo za watu, navyo husafiri na watu. Historia ya Katanga yenyewe inashuhudia. Gripi kubwa ya 1918 ilishuka melini Cape Town mwezi wa Septemba, ikapanda treni, ikapita Bulawayo, ikaifuata reli hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika miezi ya mwisho ya mwaka ule. Reli hiyo ilikuwa imefika mji huo mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Sasa angalieni kalenda: hiyo ni miezi yetu ya joto na mvua za kwanza. Gripi mbaya kuliko zote zinazokumbukwa haikuletwa na baridi ya kiangazi, ililetwa na abiria.

Ushahidi wa pili uko karibu nasi zaidi. Machi 2020 Korona ilipotangazwa Kinshasa, ndoo za kunawia zilisimama mbele ya maduka na makanisa hata huku kwetu, na duniani kote watu walibadili namna ya kukaribiana. Mwaka huohuo msimu wa baridi wa Afrika Kusini, Australia na Chile ulifika kama kawaida, na baridi yake ileile. Kati ya Aprili na Julai nchi hizo tatu zilipima gripi katika sampuli 83,307, na zilizokutwa nayo zilikuwa 51 tu. Katika miezi kama hiyo ya miaka mitatu iliyotangulia, karibu sampuli 14 katika kila 100 zilikuwa na gripi. Ni kweli kwamba wakati ule shule na mipaka vilifungwa, jambo ambalo hakuna anayelitamani tena, na ni kweli kwamba mafua madogo hayakutoweka kama gripi ilivyotoweka. Hata hivyo jambo kubwa lilionekana wazi: watu walipoacha kupumuliana na kushikana ovyo, gripi ilikosa pa kupita, ingawa thermometa ilisoma baridi ya kila mwaka.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga, nao waliona kwa macho yao mtu akinyeshewa au akilala baridi na kesho yake akaanza kukohoa. Neno hilo lina uzito, na wanasayansi wamelichukua kwa dhati. Salisbury, Uingereza, kilikuwako kituo cha kuchunguza mafua kuanzia 1946. Watu waliojitolea walilowanishwa wakasimamishwa kwenye upepo, wakakaa na soksi mbichi miguuni, na baridi hiyo haikuwaongezea mafua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Cardiff walipata jibu tofauti kidogo: watu 90 walitia miguu katika maji ya baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaitia kwenye beseni tupu. Katika siku chache zilizofuata, 13 wa kundi la kwanza walisema wameshikwa na mafua, na 5 wa kundi la pili. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baridi hupunguza nguvu za ulinzi wa pua, na kirusi kilichokuwa kimejificha humo tayari kikapata nafasi. Kwa hiyo sweta la mtoto si la bure, na mzazi anayemvika hakosei. Lakini sweta halikizuii kirusi kuingia, na kirusi lazima kwanza kitoke kwa mtu.

Vumbi ni pingamizi gumu zaidi, na hapa Lualaba hatuwezi kulipitia juu juu. Vumbi huwasha koo, hukausha pua, na lile la migodini lenye silika huharibu mapafu kwa miaka mingi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya Kasulo, mtaa ambao watu wake walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Waliokuwa wakiishi hapo, na watoto zaidi, walikutwa na kobalti nyingi mno mkojoni, na vumbi la ndani ya nyumba lilitajwa kuwa njia yake mojawapo. Basi anayefunga dirisha Kolwezi ana sababu, wala asidhihakiwe. Shida ni kwamba dirisha linalozuia vumbi lisiingie ndilo linalozuia pumzi ya mgonjwa isitoke.

Tuitazame teksi-basi inayotoka sokoni saa kumi na mbili jioni. Viti vya watu watatu vina watu wanne, mtoto yuko mapajani, mlango umefungwa, lori liko mbele na wingu lake, na vioo vyote vimepandishwa. Abiria mmoja wa kiti cha nyuma anakohoa. Kinachotoka kinywani mwake si matone makubwa tu yanayoanguka chini. Yako mengine madogo mno yasiyoonekana, yanayoelea hewani ndani ya gari, na kila mmoja anayapokea kwa zamu. Mwezi wa Machi 1977, kule Alaska, Marekani, ndege iliyobeba watu 54 ilikwama uwanjani kwa saa kadhaa, mashine ya kubadilisha hewa ikiwa imezimwa kwa muda mrefu. Abiria mmoja alikuwa na gripi. Kabla ya siku tatu kupita, katika kila wenzake 100 alikuwa amewaambukiza 72, kwa hesabu ya waliougua. Ndani ya ndege ile hapakuwa na vumbi wala mtu aliyelala nje. Palikuwa na hewa ileile iliyorudiwa na watu wote.

Teksi-basi yetu haikwami saa kadhaa kama ndege ile, lakini tunaipanda asubuhi na jioni, kila siku. Kwa hiyo nawaomba madereva na makonda jambo dogo: lori likishapita na wingu likitulia, shusheni vioo viwili vinavyokabiliana, kimoja mbele upande huu na kimoja nyuma upande wa pili, upana wa vidole vinne tu. Hewa itapita ikatoka, na abiria hawataganda. Anayekohoa apewe kiti cha dirishani, ageuzie uso kiooni, akoholee kwenye kiwiko au kitambaa, asikohoe kwenye kiganja ambacho dakika mbili baadaye kitatoa nauli. Nyumbani hesabu ni ileile. Fungueni madirisha alfajiri, malori yakiwa bado machache, na adhuhuri tena baada ya kunyunyizia maji uwanja wa mbele na kufagia. Katika hospitali za Lima, Peru, watafiti walichapisha mwaka 2007 vipimo vilivyoonyesha madirisha yaliyofunguliwa yakibadilisha hewa ya wodi mara 28 kwa saa, wakati wodi zenye mashine za hewa zilipata mara 12. Walikuwa wanatafuta kinga ya kifua kikuu, lakini pumzi ni pumzi. Na mbabula isiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Moshi wake huwaumiza watoto kifua. Hata makala yakiwa mekundu bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini kabla hawajajua wana shida.

Njia nyingine ya mafua ni mikono. Karachi, Pakistani, mwaka 2002 na 2003, familia za mitaa maskini ziligawiwa sabuni na kufundishwa kunawa. Watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba hizo walipata nimonia kwa nusu ya kiwango cha nyumba ambazo hazikupewa, na sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile ya bei iliyotiwa dawa. Mitaa ile haikuwa na bomba katika kila nyumba, na hilo linatuhusu. Anayenunua maji kwa bidoni ana haki ya kuuliza atanawaje mara kumi kwa siku. Jibu ni kwamba kunawa hakuhitaji beseni. Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa msumari wa moto, ining'inize kwa kamba karibu na mlango, na kipande cha sabuni ndani ya soksi kando yake. Uzi mwembamba wa maji unatosha kulowanisha na kusuuza, na chupa moja itawafaa watu kadhaa. Naweni baada ya kupenga, kabla ya bukari, kabla ya kumshika mtoto mchanga, na kila anayetoka nje anapoingia. Kikombe kimoja kinachozunguka kwenye ndoo ya maji ya kunywa ni kibaya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye mafua awe na chake hadi apone.

Halafu kuna salamu. Kukataa mkono wa mtu kwetu ni tusi, na hakuna mwanakijiji atakayekubali kutukana wenzake kwa ajili ya makamasi. Lakini heshima ya huku kwetu haikuanzia kwenye kushikana viganja. Walunda, Wandembo na Wachokwe wana salamu ya kupiga makofi taratibu, mtu ameinama kidogo au amepiga goti, na mkubwa anaipokea kwa furaha kuliko mkono wa haraka haraka wa barabarani. Mwenye mafua akiitumia hiyo, hakuna atakayeona amedharauliwa, na bila shaka wazee watampenda.

Sasa nafika kwenye pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Mchimbaji wa Kamilombe au wa Tilwezembe, mwuza mihogo, fundi wa kuchomelea, wote wanasema: nikikaa nyumbani leo, nani atawalisha watoto? Hilo halijibiwi kwa bango la ukutani. Aliyekosa siku amekosa chakula, na kumwambia tu apumzike ni kumsukuma afiche ugonjwa. Ndiyo maana nimesema kazi ya wengine ni kumwezesha. Mwenye gripi huambukiza kuanzia siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huambukiza zaidi katika siku tatu au nne za mwanzo. Kwa hiyo tunachoomba si wiki mbili, ni siku tatu. PDG wa shimo, yaani mkuu wa wachimbaji wake, anajua kwamba chini kule hewa ni haba na watu wanapumuliana uso kwa uso. Akimshusha mmoja anayetetemeka kwa homa, baada ya siku mbili atakuwa na wanne wasioweza kubeba gunia. Anayetetemeka apelekwe nyumbani na fungu lake la siku hizo lihifadhiwe. Anayekohoa bila homa abaki juu, kwenye jua na upepo, akichagua mawe au kufunga mifuko. Timu inayofanya hivyo haitoi sadaka, inalinda uzalishaji wake. Kampuni kubwa nazo zina wajibu mzito zaidi, kwa kuwa zina mishahara na waganga: mfanyakazi anayekatwa siku kwa sababu ya gripi ataingia kwenye basi la zamu pamoja na gripi yake. Vivyo hivyo shule: mwalimu asimwadhibu mtoto aliyekosa siku mbili kwa homa na kikohozi.

Atakayesema kwamba mtu huambukiza kabla hajajijua, basi kumwangalia mgonjwa kumechelewa, amesema kweli nusu. Kwa ajili ya siku hiyo moja ya gizani tunahitaji madirisha na chupa ya kunawia ya kila mtu. Siku zinazofuata ziko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, na ndizo nyingi.

Kuhusu dawa nitasema machache. Ampisilini, amoksisilini na Bactrim huua bakteria na haziui virusi. Kuzimeza kwa mafua ni kutupa pesa na kuwafundisha bakteria ukaidi, ili siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli dawa isifanye kazi. Ndimu ina vitamini C: tafiti nyingi zilizokusanywa hadi 2013 zinaonyesha kwamba anayeitumia kila siku hapati mafua machache zaidi kuliko wengine, ila yanamwisha mapema kidogo. Chai ya tangawizi inalainisha koo, inyweni kwa raha. Kinachokinga kuliko hivyo ni usingizi, na husemwa mara chache. Marekani, mwaka 2015, watu 164 waliwekewa kirusi cha mafua puani kwa makusudi. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walishikwa mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Anayefanya zamu ya usiku na bado anauza mchana anahitaji kulala kuliko kidonge chochote. Moshi wa jikoni nao una sehemu yake: Gwatemala, nyumba zilizopewa jiko lenye bomba la kutolea moshi zilipunguza nimonia kali ya watoto kwa karibu theluthi.

Mwishowe wako wanaouliza kama mafua yanastahili maneno yote haya. Mkumbuke Panzi, jimbo la Kwango, mwishoni mwa 2024. Redio za dunia nzima zilitangaza ugonjwa usiojulikana nchini Kongo; kati ya tarehe 24 Oktoba na 5 Desemba watu 406 waliugua na 31 wakafa, na watoto wadogo ndio waliokuwa wengi. Vipimo vilipokamilika hapakuwa na kirusi kipya. Palikuwa na malaria, palikuwa na utapiamlo, na palikuwa na gripi, rinovairasi na virusi vingine vya mafua tunavyovipuuza kila siku. Mwisho wa 2002 gripi ilikuwa imekwisha kuua huko Bosobolo, jimbo la Ekweta la wakati ule, na huko pia watoto wadogo walilipa zaidi. Kwa kijana aliyeshiba, mafua ni siku tano za kero. Kirusi hichohicho akikibeba mpaka kwenye mkeka wa mtoto aliyedhoofishwa na malaria na njaa, jina la ugonjwa linabadilika.

Kwa hiyo katika nyumba yenye mtoto mchanga, mwenye mafua alale upande mwingine wa chumba, na asiwe yeye wa kumbeba na kumbusu. Mama akiwa ndiye mgonjwa, asiache kunyonyesha, kwa kuwa maziwa yake yanampa mtoto kinga. Anawe, ajifunge kipande cha kitenge puani na kinywani, kisha anyonyeshe. Mtoto akianza kukohoa, mfungueni nguo kifuani akiwa ametulia, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima mkitumia saa ya simu. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, pelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, na muombe apimwe malaria pia. Wa chini ya miezi 2 asihesabiwe sana: akipumua kwa shida au akichoka kunyonya, ondokeni naye mara moja, hata kama ni usiku.